Kifuniko Nilichokifungua Mimi

Iringa, Alhamisi, baada ya Alasiri

Rukia mwanangu,

Nakuandikia na wewe hujatoka hata mtaani. Uko nyumba ya tatu kwa somo yako unapakwa hina, na vicheko vyenu navisikia mpaka huku jikoni. Kesho asubuhi wewe na mumeo mnapanda lori la Mbeya. Nina muda mpaka adhana ya Magharibi, maana ukisharudi ukakaa mbele yangu na hiyo hina yako, kalamu itanishinda. Mwandiko uuvumilie. Mimi chuoni nilifundishwa herufi za Kiarabu peke yake, hizi za shule nimefundishwa na wewe, kwa chaki, kwenye mlango wa jiko, na ulikuwa mkali kuliko mwalimu wako. Nikikosea ulinifutia neno zima nianze upya.

Mambo ya kuishi na mume sikuandikii. Siku saba somo yako amekujaza hayo mpaka pomoni. Mbeya ni baridi kuliko huku, sweta unalo. Wifi zako wakikusema utanyamaza, au hutanyamaza, nakujua. Nataka kukuandikia habari ya mashine ya kukandia unga.

Mumeo aliponiletea ile barua yake, kwamba amezungumza na mwenye mgahawa pale Mbeya malori yanapolala, na kwamba wanataka mikate kila asubuhi, na kwamba yeye ni fundi cherehani hajui vyombo vya jikoni, basi mimi nimchagulie mke wake mashine moja ya kudumu, nilikusomea kwa sauti. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema, "Sawa." Halafu ukainuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo dada yako Zaituni alikwisha kuviosha. Nikakutazama unasugua sufuria safi. Hukuuliza mashine gani, kubwa au ndogo, ya kuzungusha au ya namna gani. Miaka kumi na mmoja sasa hujashika mpini wa kitu chochote kinachozunguka. Tukiazima mashine ya kusagia nyama, anayezungusha ni Zaituni, kwa mkono wa kushoto, na wewe unajitia kukata vitunguu. Wote humu ndani tunajua ni kwa nini, na hatusemi. Ila wewe unachokijua sicho, na aliyekuacha ukijue hivyo ni mimi.

Ngoja nianze dukani, ndiko makosa yalikoanzia.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na vitu vimeanza kurudi madukani. Baba yenu alikuwa hayupo tena, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa naoka mikate ya boflo na mikate ya mayai kwa mikono hii, mabega yananiuma mpaka siwezi kujisuka. Yule Mhindi wa duka la kona akaleta mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kijani, imewekwa juu ya meza ya mbele ambapo kila apitaye anaiona. Nikaiinua kwa mkono mmoja nikafurahi. Ya pili ilikuwa chini karibu na mlango wa stoo, nyeusi, chuma kitupu, imetoka kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyeuza shamba akarudi kwao. Kuinyanyua ile kulitaka watu wawili. Meno yake manene, yamefunikwa na kifuniko cha chuma chenye nati nne. Nilipoizungusha ilikwenda taratibu, haina kelele, haitikisiki. Mwenye duka alikuwa mtu wa kuuza, na ile mpya ndiyo iliyomletea faida, lakini akaniambia, "Mama, hii nyeusi itakuzika, nayo bado inazunguka."

Nilijua anasema kweli. Mtu aliyekanda unga maisha yake yote hadanganywi na chombo, mikono yake inamwambia.

Lakini nilianza kufikiria ilikotoka. Jiko la Mzungu, na Wazungu wanakula nguruwe, na nani ajuaye yale mafuta yaliyopita mle ndani ni ya nini. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa chuo. Naye hakusita. Akasema ioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, baada ya hapo ni chombo kama vyombo vingine, na mkate wa kwanza nimletee yeye ale mbele za watu ili maneno yaishe. Basi. Nilikuwa nimepewa jibu mkononi. Nikarudi dukani nikachukua ile ya kijani.

Wanawake wa mtaani nikawaambia siwezi kuwakandia Waislamu unga ndani ya chombo cha nguruwe. Wakanisifu sana, mmoja akanishika mkono akasema imani kama yangu imebaki kwa wachache. Na mimi huyu huyu, Rukia, hamira ikikosekana mjini nilikuwa nachachusha unga kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi ya Wahehe, nao wanakula na kuomba kuongezewa, na sijasema neno. Dini sikuijali hata kidogo siku ile. Niliitaka ya kijani kwa sababu ni ya kijani. Zaituni alikuwa na miaka kumi na saba, watu walikwisha kuanza kuulizia, na mimi nilitaka wakwe wakija wakute kitu kipya juu ya meza, wasione mjane anayesukuma unga kwa viwiko. Nikaivika tamaa yangu kanzu.

Ile nyeusi aliichukua Mama Atuganile, yule Mlutheri wa kule juu kilimani. Aliibeba yeye na kaka yake kwa mti, mabegani, wakipumzika kila hatua ishirini. Niliwatazama nikacheka.

Yangu ilidumu miezi minne. Niliyoyajua baadaye ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya unga wa keki, ule mwepesi wa kumwagika, na mimi nikaitia unga wa boflo, mgumu, tena wa baridi ya Iringa usiotaka kulainika. Meno yake hayakuwa chuma. Ni madini meupe laini, ukiyakwaruza kwa kisu yanatoka. Nikaanza kuona vumbi la kijivu kwenye unga. Nikawa naliondoa kwa kijiko na kuendelea. Halafu gurudumu dogo likaanza kuteleza juu ya lile kubwa, mpini unazunguka na unga umesimama. Nikachukua kisu cha mezani nikafungua skrubu mbili, nikatoa kifuniko, nikakuta kwamba ukilibonyeza lile gurudumu dogo kwa vidole, meno yanashikana na kazi inaendelea. Nikajiona fundi. Kifuniko sikukirudisha, maana kila baada ya dakika tano lazima ubonyeze.

Unakijua kile kifuniko, Rukia. Ni lile bati lililopinda tunalochotea majivu. Umelishika kila asubuhi tangu ulipokuwa huwezi kulinyanyua vizuri, umelipeleka jalalani na kulirudisha, na hukuwahi kuuliza lilikuwa la nini. Mimi nilikuona nalo kila siku. Lina matundu mawili ya skrubu pembeni. Limening'inia hapo nyuma ya mlango hivi ninavyoandika.

Mama Atuganile alikuja mara moja kuazima chekeche. Akasimama mbele ya mashine yangu, akainama, akatazama. Unajua anavyosema, neno moja halafu anapumua. Akaniuliza kile kifuniko kilikuwa cha kazi gani. Nikamjibu ni urembo tu. Akasema, "Mimi ningekirudisha, mama." Nikampa chekeche aende. Nilipofunga mlango nilisema, na Zaituni alinisikia, kwamba wivu umemjaa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, na wale watu walikuwa wanakuja rasmi na posa ya dada yako. Mvulana alikuwa karani, mtu mpole, Zaituni alimpenda, usimsikilize akikwambia hakumpenda. Nilitaka wakwe wakute mikate inatoka motoni. Nilikuwa na unga wa kufanya mara mbili na muda wa kufanya mara moja. Wewe ulikuwa na miaka saba, umenisumbua wiki nzima unataka kuzungusha. Siku zote nilikukatalia. Siku ile nikasikia sauti za watu barabarani, na mimi nimevaa kanga yenye majivu, nikachanganyikiwa. Nikakuvuta nikakusimamisha juu ya kigoda. Nikamwambia Zaituni, "Bonyeza hapo, usiachie, mdogo wako azungushe." Nikakwambia wewe uhesabu mizunguko mia usisimame. Halafu nikaenda chumbani kubadili kanga.

Nilikusikia unahesabu. Ulihesabu vizuri sana, kwa sauti ya shule. Ulifika arobaini na kitu. Zaituni hakupiga kelele. Nilichokisikia ni kwamba hesabu imekatika.

Niliyoyakuta jikoni unayajua, sitayaandika. Nitaandika tu usilolijua. Wewe ulifanya ulichoambiwa, na ulikifanya sawasawa. Hukuzungusha kwa haraka, hukucheza, hukugeuka nyuma. Hata mtu mzima angeshika ule mpini siku ile yangetokea yale yale, maana jino moja lilikuwa limekwisha kuvunjika tangu Ijumaa, na nililiona. Niliona jino limevunjika, nikaona kwamba gurudumu sasa linaruka badala ya kuteleza, nikasema litanipitisha Jumapili. Nilimwekea mwanangu mkono mle ndani nikijua.

Nikamfunga Zaituni mkono kwa kanga mpya, nikatia unga wa kahawa damu isimame, na wakati huo huo hodi inapigwa. Ndio wao. Shangazi yake yule mvulana akaingia moja kwa moja mpaka jikoni kwa sababu alisikia vurugu, akaona, akashika kifua, akauliza, "Imekuwaje?" Wanawake wengine watatu wako nyuma yake. Mashine ya kijani iko mezani, na kila mtu ananitazama mimi. Nikasema, "Mdogo wake ndiye aliyekuwa akizungusha."

Ulikuwa umesimama nyuma ya pazia. Unga umekujaa mpaka kwenye viwiko. Nilikuona, na niliona kwamba umesikia.

Katika maneno yale hakuna neno moja la uongo. Ndiyo sababu yalinitoka kwa urahisi, na ndiyo sababu yamekaa mpaka leo. Ningesema uongo, ungekwisha kugundulika siku nyingi. Shangazi yule akakugeukia, akakutazama, akasema watoto wa siku hizi. Mtaa mzima ukalipokea hivyo hivyo. Nami nikawaacha.

Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Wale watu walisubiri kwa adabu mwezi mmoja, halafu wakatuma mzee mmoja mwenye maneno laini. Alisema kijana hana neno, ila familia yao ni ya kukaa pamoja kwenye sinia, na bibi harusi atakulaje na watu. Zaituni alikuwa chumba cha pili. Tangu siku ile hakula tena na sisi kwenye sinia. Akawa anachukua kijiko, mkono wa kushoto, anakula jikoni. Na wewe, mtoto wa miaka saba, ukachukua kijiko chako ukamfuata. Nilikuita mara ya kwanza, ukasema umeshiba. Mara ya pili sikukuita.

Nimekula peke yangu kwenye sinia lile miaka kumi na mmoja, Rukia. Sikulilii. Nakuelezea tu lilivyokuwa kubwa.

Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza swali. Nilikuwa naanika nguo. Ukaniuliza kama Mungu anaweza kuchukua vidole vyako vitatu akampa dada, na kama anataka uombe kwa Kiarabu au hata Kiswahili kinafaa. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Palikuwa mimi na wewe tu na nguo. Nikakwambia nenda kachote maji, debe halina kitu. Ulipokwenda nikagundua debe limejaa.

Nilikuwa naogopa nini? Nimejiuliza sana. Mwanzoni niliogopa watu, kwamba mjane asiye na akili kamvunja mwanawe. Baadaye sikuogopa watu, nilikuogopa wewe. Nilisema atakua, atasahau. Ukakua. Ukamkataa yule kijana wa kwanza aliyekuja, ukasema huolewi kabla ya dada. Ukamkataa na wa pili. Huyu fundi cherehani umemkubali kwa sababu Zaituni mwenyewe alikufungia mlango nje akasema hutaingia mpaka umekubali. Watu walicheka, wakasema dada mcheshi. Mimi sikucheka.

Basi barua ya mumeo ilipofika ikinitaka nichague mashine ya kudumu, niliona Mungu ameamua kunidhihaki. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nikapanda kilimani kwa Mama Atuganile.

Amezeeka, miguu imevimba, haoki tena, binti zake wote wameolewa mbali. Mashine ilikuwa pale pale, kwenye kona ya jiko lake, imefunikwa na gunia. Nilimwambia nimekuja kuomba ile niliyoiacha dukani. Nilingoja anikumbushe maneno yake ya chekeche. Hakunikumbusha. Alivua gunia, akaniambia niizungushe nisikie. Rukia, ilikuwa inakwenda vile vile. Miaka kumi na mmoja ya mikate, na maandazi ya sherehe za kanisa, na haijalegea. Mara moja tu mpini ulikatika, mhunzi wa Kikinga akautengeneza kwa chuma cha jembe, utakiona kiungo chake. Tulipatana, na tulivyopatana ni siri yangu na yake.

Sasa kwa kuwa nimekwisha kuianza habari hii, acha nikwambie na la kukusaidia, maana iko siku utachagua mwenyewe. Usiizungushe mashine ikiwa tupu. Tupu zote zinakwenda. Beba donge la unga mgumu kwenye kitambaa, uende nalo dukani, ulitie mle, na mwenye duka akinuna mwache anune. Kwaruza jino kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana, likitoka vumbi jeupe rudi nyumbani. Tafuta ambayo fundi wa mtaani kwenu anaweza kuifungua na kuielewa, sio ya kungoja kitu kutoka ng'ambo. Rangi usiitazame kabisa. Na kifuniko kikiwa kinafunguka kwa kisu cha mezani, ujue mwanamke mwenye haraka atakifungua.

Na la mwisho, hili nililinunua ghali. Mashine ikifika mahali pa kukuomba kidole ili iende, imekufa. Hata kama bado inazunguka. Iache, kanda kwa mikono, wageni wakute unga mbichi, waseme watakavyosema.

Juzi ulipokwenda kwa nyanya yako kuaga, tuliitoa uani tukaiosha, mimi na Zaituni. Mara saba. Bila shaka kwa Mama Atuganile mafuta ya nguruwe yalipita mle pia, hakunificha. Mara sita kwa maji, na moja kwa udongo mwekundu wa nyuma ya choo, tukisugua kila jino. Zaituni anasugua kwa dole gumba na kidole chake cha mwisho, anaingia mahali ambapo mkono wangu mzima haupiti. Tulipofika kwenye udongo nikamwambia nina jambo la kumwambia Rukia kabla hajaondoka. Hakuinua kichwa.

"Mimi ninalijua," akasema. "Si wewe uliyeniambia nibonyeze?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote hii, kwa nini hakukwambia hata wewe mlipokuwa mnakula jikoni wawili.

"Nilimwambia. Mara nyingi. Anasema namfariji tu." Akamwaga maji. "Mimi siyo wa kumtoa katika hilo. Nilikuwa nakungoja wewe."

Miaka kumi na mmoja ananingoja, naye ananipikia na kunifulia. Tulimaliza kuosha. Tukairudisha jikoni, tukafunga nati zote nne za kifuniko, kwa spana. Kisha Zaituni akafuta mkono wake kwenye kanga, ule mkono, akauweka juu ya kifuniko, palepale meno yanapopita chini yake. Akaniambia, "Zungusha, mama."

Sikutaka. Akasema tena. Nikashika mpini, nikazungusha. Mashine haikutikisika. Zaituni akaanza kuhesabu kwa sauti. Alihesabu mpaka mia moja, hakuondoa mkono, na mimi nilizungusha mpaka mia moja nikilia kama mtoto. Alipomaliza akasema hii inafaa, mpelekee.

Basi ndiyo hii. Inafungwa kwenye gunia asubuhi, itakaa nyuma ya lori na vitu vyenu. Mwambie dereva aifunge kwa kamba, barabara ya kushuka Usangu ni mbaya. Huna lazima ya kuizungusha. Ukitaka mumeo azungushe, azungushe, ana mikono. Lakini ukijaribu, jua kwamba mkono wako hauna kosa, haujawahi kuwa na kosa.

Kuandika peke yake hakutoshi, najua. Nilikusingizia mbele ya watu, kwa sauti, na barua inasomwa na mtu mmoja kimya kimya. Kwa hiyo kesho, wanawake wakija kukuaga, wakiwa wamejaa pale barazani, kabla hujapanda lori, nitalichukua lile bati la majivu nyuma ya mlango nisimame nalo katikati yao. Nitasema hiki ni kifuniko cha mashine ya kijani, na aliyekifungua ni mimi, na aliyemwambia Zaituni abonyeze ni mimi, na mtoto huyu hakufanya ila alilotumwa. Yule shangazi bado yu hai, nimemtumia mtu aje. Nimejaribu kuyasema mbele ya Zaituni mara tatu. Mara mbili nilifika mwisho. Ya tatu nilikwama kwenye neno mimi.

Vicheko vimekoma huko, nadhani hina inakauka. Barua hii naikunja naitia ndani ya pipa la mashine, chini kabisa, chini ya kitambaa. Hutaiona mpaka ufike Mbeya ufungue gunia. Kwa hiyo unaposoma hapa, kesho yangu imekwisha kupita, na wewe unajua jambo ambalo mimi sasa hivi silijui, kama mama yako alisimama akasema, au alikubusu akakupandisha lori na kukwambia usisahau sweta.

Mama yako